Kebo Nyeusi na Pampu ya Kapata

Kapata, Kolwezi
11 Februari 2024

Mdogo wangu Twahiru,

Salamu kwanza, maana Mama amekaa hapa mbele yangu akihakikisha sianzi na mambo ya nyaya. Anasema nikuambie kwamba goti limepoa, mvua ni nyingi, na mahindi nyuma ya nyumba yamemfika mabegani. Naomie wa jirani ameolewa Likasi na hukuja, hilo pia niliandike. Anauliza unakula nini huko Lubumbashi na nani anakupikia. Nilipomwambia unakula mgahawani alisonya kwa namna unayoijua. Bahasha anakuletea binamu yetu Alimasi katika lori lake, na kama kawaida ya nyumba hii tangu Baba alipokuwa akisafiri na kutuandikia, karatasi ya kwanza ni ya Mama na inasomwa kwa sauti. Ya pili ni yetu wawili.

Karatasi ya pili

Kebo imeitika!

Nasema ile kebo nyeusi uliyoniletea mwaka jana, ya kuandikia programu kwenye chipu ya lile sanduku linaloongoza pampu ya maji ya mtaa. Unakumbuka jinsi ilivyonitesa. Programu ya watengenezaji kwenye Linux inataka kujipenyeza mpaka ndani ya kiini cha mfumo, na kila kiini kinapopata toleo jipya, yenyewe inakufa. Nimeachana nayo. Kumbe unaweza kuongea na kebo ukiwa nje kabisa ya kiini, kwa programu ya kawaida kama ile ya kuandikia barua, ukipitia maktaba ya USB. Kiini kinapitisha ujumbe tu, mengine unafanya mwenyewe. Unachohitaji ni mstari mmoja wa kanuni unaosema mtumiaji huyu anaruhusiwa kuigusa kebo hii.

Na huo mstari ndio ulionikondesha. Kebo ukiichomeka inaamka haina kitu kichwani. Unailisha programu yake ndogo, halafu inajitoa yenyewe na kurudi ikiwa na namba nyingine. Mimi nilikuwa nimeruhusu namba ya kwanza peke yake! Kebo inarudi, inakuta mlango umefungwa, na mimi nimekaa hapo natukana umeme wa bwawa la Nzilo ambao safari hii haukuwa na kosa lolote.

Jambo jingine. Ile siku umeme uliporudi kwa hasira, kebo yangu iliungua kidogo, tangu hapo inachelewa kuamka. Kwa hiyo nimeweka kwenye programu pahali pa kusubiri, tena kusubiri kwa muda mrefu. Wewe ukitumia kebo nzima, paondoe. Ni kwa ajili ya ugonjwa wa hii yangu tu.

Juzi sanduku la pampu lilisahau tena kila kitu baada ya umeme kukatika. Nililiandika upya na maji yakapanda kabla jirani Mama Jeanne hajamaliza kunisema. Tata Mathieu, mzee wa kamati ya maji, alicheka, akaniambia, «Bilkisi, weye njo munganga ya hii pompe.» Eti mimi ndiye daktari wa pampu!

Nimekuwekea programu yote kwenye flashi. Msingi wake nilipewa bure na watu nisiowajua. Mmoja wao alinijibu maswali wiki nzima, hata sijui ni mwanamume au mwanamke, na hakuniuliza mimi ni nani. Sharti lao ni kwamba ukimpa mwingine, umpe wazi kama ulivyopewa wewe. Jina langu liko juu na la kwako chini yake, maana sehemu ya kusoma mafaili uliiandika wewe. Ijaribu, uniambie inavunjikia wapi.

Yaya yako, dada mkubwa,
Bilkisi

*

Lubumbashi
9 Machi 2024

Mama yangu mpenzi na Yaya Bilkisi,

Ramadhani inaingia na mimi siko nyumbani, naona vibaya. Alimasi ana kifurushi chenu: tende, sukari, na kitenge cha Mama, kile cha rangi ya machungwa asichotaka kukiri kwamba anakipenda. Mama, nakula vizuri. Nitakuwa nikitoka kazini mapema ili nifuturu na Waislamu wenzangu wa mtaa wa nyuma, kuna mama mmoja wa Kasongo anapika sombe ya majani ya muhogo kama yako, karibu. Nasema karibu, usikasirike. Niombee.

Karatasi ya pili

Yaya, wewe ni hatari. Nilichomeka na ikaenda mara ya kwanza. Bosi wangu alipita nyuma yangu akasimama kuangalia.

Sasa sikiliza. Kampuni yetu inaunda masanduku mapya ya kuongoza pampu, yanayovumilia umeme mbaya kuliko hilo kongwe lenu. Wanatafuta pahali pa kulionyesha la kwanza, na mimi nimesema Kapata. Kwa nini maji mazuri yaende kwa wengine? Zungumza na Tata Mathieu na kamati yake. Wewe wanakuamini. Tutakuja kulifunga baada ya Idi. Lile la zamani mtupe sisi, mafundi wanataka kulisoma.

Kuhusu programu tutaongea nikipata nafasi. Ni nzuri sana.

Twahiru

*

Kapata
28 Aprili 2024

Twahiru,

Mama ameshona kitenge. Anakivaa hata kwenda kufungia kuku, na ukimsifu anasema ni cha zamani. Idi ilikuwa njema, tulikula mbuzi wa Alimasi, ambaye aligoma kufa mpaka mtaa mzima ukaja kutazama. Mbuzi, si Alimasi. Mama anasema asante kwa kila kitu na anauliza kwa nini ulilala hotelini Kolwezi mjini wakati kitanda chako kipo. Mimi pia nauliza.

Karatasi ya pili

Sanduku lenu limefungwa na maji yanatoka kwa nguvu ambayo hatujawahi kuiona. Watu wamefurahi. Kwenye kikao nilisimama mimi. Nilisema, huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja, akisema kitu kizuri ni kizuri. Hakuna aliyeuliza swali. Tata Mathieu alitia sahihi makaratasi kwenye boneti ya gari lenu, na sanduku la zamani nililibeba mimi mwenyewe kwa mikono yangu mpaka garini.

Lakini kuna kitu kinanikuna. Yule fundi wenu kijana, Gloire, alipochomeka kebo yake, mpya kabisa, bado ina nailoni, taa iliwaka halafu ikasubiri. Ikasubiri muda mrefu. Kebo mpya haina sababu ya kusubiri, Twahiru. Nikasogea kutazama, akageuza kompyuta, akaniambia kwa adabu, «Pardon Yaya, ni programe ya chef Twahiru, bamesema muntu asiangarie.»

Wewe ulikuwa umesimama pale, ukaanza kumuuliza Tata Mathieu habari za wajukuu.

Labda mmeiandika yenu na bahati mbaya mkaangukia pahali pale pale. Niambie tu. Ile programu ni ile yetu? Na kama ni yetu, kwa nini mtu asiangalie?

Bilkisi

*

Lubumbashi
30 Juni 2024

Mama yangu na Yaya,

Poleni na baridi ya asubuhi, huku pia tunavaa makoti. Idi ya kuchinja niliswali uwanjani na nikawakumbuka. Mama, usilale bila soksi. Nimebadilishiwa ofisi, sasa niko juu, kuna dirisha naona barabara yote. Wamenipa gari la kazi, si langu, lakini naliendesha. Nikipata likizo nitakuja nalo, tutakupeleka Nzilo ukaone maji, kama zamani Baba alipokuwa akitupeleka. Yaya, msalimie Tata Mathieu. Natuma mafuta ya kujipaka na dawa ya goti.

Mwanao,
Twahiru

*

Kapata
18 Agosti 2024

Twahiru,

Barua yako ya mwezi wa sita ilikuwa na karatasi moja. Niliipekua bahasha mpaka nikaichana. Alimasi aliniuliza kama nimepoteza kitu.

Leo na mimi sina salamu za kupamba, kwa hiyo Mama hatasomewa hii. Pampu imekufa. Umeme ulikatika Jumatatu, ukarudi kwa fujo, na lile sanduku lenu linalovumilia limesahau kila kitu sawasawa na kongwe letu. Nikachukua kebo yangu. Chipu inaitika, inataja jina lake, halafu ukitaka kuiandika inadai neno la siri. Imefungwa. Nimepiga simu kwenye kampuni yenu, msichana mmoja ameniambia kwa Kifaransa kizuri sana kwamba kufungua ni kazi yao peke yao, kwamba kamati ilitia sahihi mkataba wa matengenezo, na fundi atapangwa. Lini? Atapangwa. Chipu ya namna ile Kolwezi haipo, nimetafuta mpaka Musonoi kwa wauza vyuma. Na sanduku la zamani mnalo ninyi.

Simu yako inaita mpaka inakatika.

Huu ni mwezi wa nane, unajua vumbi la hapa. Watu wa Kapata yote wanapanga foleni kwenye kisima cha parokia, ng'ambo ya reli. Jana Mama aliondoka alfajiri bila kuniambia, na dumu lake, eti asinisumbue. Ameanguka kwenye mawe ya reli. Nyonga haikuvunjika, alhamdulillahi, lakini hawezi kugeuka kitandani bila kushikwa.

Mama Jeanne alinisimamia mlangoni mbele ya watu. «Bilkisi, weye na ndugu yako muko natufanya bajinga? Mulisema hii pompe ya mupya haitakufa. Leo batoto banalala na kiu!» Nilisema, kweli. Niliingia ndani nikalia.

Sasa nasema wazi. Ile programu nilipewa bure na watu wasionijua, nikakupa wewe bure, na wewe uliyenyonya ziwa moja na mimi ukaifuta majina ukaitia kufuli. Hata pahali pa kusubiri hukupaondoa! Nilikuandikia paondoe. Umeniibia bila hata kunisoma. Hilo tutaligombania siku nyingine. Leo nataka kitu kimoja tu, nalo ni neno la kufungulia.

Bilkisi

*

Lubumbashi
8 Septemba 2024

Mama yangu,

Nimeumia kusikia umeanguka. Pole sana. Natuma pomada ya kuchua, ya dukani kwa Wahindi, nzuri. Pumzika, usibebe vitu. Nitakuja.

Karatasi ya pili

Yaya,

Barua yako ni kali na sikuitegemea. Mambo ya ofisi si kama ya karakana ya nyumbani. Si mimi ninayeamua. Kuna wakuu, kuna wanasheria, neno la siri linakaa kwa wanaohusika. Nikianza kuligawa kwa sababu ni nyumbani kwetu, kesho wataniuliza.

Na programu uliyonipa haikuwa kamili, useme ukweli. Ilikuwa ya kuchapa kwenye skrini nyeusi. Sisi tumeitia madirisha, vitufe, nembo, mteja anaielewa. Unadhani mtu angeiamini ikiwa imeandikwa Bilkisi wa Kapata? Jina langu pia halimo. Sikulalamika.

Nimeongea na bosi kwamba dada yangu ana kipaji. Wako tayari kukuchukua huku. Ungekaa kwangu, Mama pia. Fikiria badala ya kukasirika. Fundi wa kuja Kapata yuko kwenye mpango, nadhani mwezi wa kumi.

Twahiru

*

Kapata
15 Septemba 2024

Twahiru,

Mama amepakwa pomada. Inanukia.

Jana kamati ilikaa na mimi sikuitwa. Nilikwenda hivyo hivyo. Waliponiona walibadilisha maneno, wakaanza habari za bei ya mahindi. Nimetengeneza redio za watu hawa, simu zao, pasi zao, tangu nikiwa msichana. Mtu aliyewahi kunipisha kiti jana alikivuta karibu na yeye.

Baadaye Tata Mathieu alinisindikiza mpaka njia panda. Amezeeka kidogo mwaka huu. Aliniambia, «Mwana, ile makaratasi mi sikusoma. Nilisema, ni mutoto ya Mariamu, nisome nini?» Hakuniambia kwa ubaya. Afadhali angenitukana.

Sitaki kazi yenu. Sitaki madirisha wala vitufe. Unasema neno linakaa kwa wanaohusika. Nenda kwao, piga magoti kama lazima, liibe kama ulivyojua kuiba programu. Ukishindwa, nijibu kwa mkono wako kwamba umeshindwa, nikamsomee Tata Mathieu. Alimasi anakusubiri pale pale ofisini mpaka umpe bahasha. Nimemwambia asiondoke hata wakimwita polisi.

Bilkisi

*

Lubumbashi
22 Septemba 2024

Yaya,

Haikuwa lazima kumtuma Alimasi kukaa kwenye mapokezi na ndala zake. Watu wameuliza ni nani.

Sitaki tugombane kwa kitu kidogo. Neno ni mariamu, herufi ndogo zote. Nililiweka mwenyewe siku ile tulipofunga sanduku, kwa vile waliniambia nichague neno nisiloweza kulisahau. Kwa kweli nilidhani ungelijaribu la kwanza kabisa. Mtu mwenye akili kama zako, umekaa na sanduku mwezi mzima, hukuwaza jina la Mama? Kwa hiyo usiendelee kusema nilikufungia. Ungejaribu tu.

Tafadhali usimwambie mtu kwamba nimekupa. Ukimaliza rudisha kufuli kama lilivyokuwa.

Nimesikia Mama anaanza kukaa. Mbusu.

Twahiru

*

Kapata
6 Oktoba 2024

Twahiru,

Mama anatembea kwa fimbo, kutoka kitandani mpaka mlangoni. Mvua ya kwanza imenyesha juzi, vumbi limelala.

Neno limefungua. Nimefuta kila kilichokuwemo, nembo yenu pia, nimeandika programu yangu, na kufuli sikurudisha. Tata Mathieu alikuwa amesimama kando yangu ameshika taa, na maji yalipopanda alivua kofia. Hakuna aliyeniomba msamaha, wala sikutaka. Mama Jeanne alileta mihogo ya kuchemsha, akaiweka juu ya meza yangu ya kazi, akaondoka.

Unauliza kwa nini sikujaribu. Nilijaribu, Twahiru. Nilijaribu jina lako, langu, la Baba, la kampuni yenu, la mtaa wako, na matusi ambayo sikujua kwamba nayajua. Jina la Mama halikunijia. Mwenye jina alikuwa chumba cha pili anaugulia kwa sababu ya dumu la maji, nilikuwa nikiacha kibodi kwenda kumgeuza, narudi, najaribu neno jingine. Ningewezaje kufikiri kwamba wewe umelichukua jina lile ukawafungia watu maji, na yeye akiwa mmoja wao? Nilikuwa nakutafuta kati ya maneno ya mtu mwizi. Wizi nilishauzoea. Hili sikuliweza.

Na uliniandikia kwamba si wewe unayeamua. Barua hiyo ninayo, ukitaka nitakurudishia uisome.

Programu nimeiweka wazi, aipate yeyote mwenye kebo kama hii na pampu iliyokufa. Majina yamo yote mawili, langu na lako, kwa sababu ile kazi ya mafaili uliifanya kweli na mimi sifuti jina la mtu. Wanasheria wenu wakija, nyumba wanaijua.

Mama aliniuliza nimefungua kwa neno gani. Nilimwambia nimebahatisha.

Sasa hivi amekaa mlangoni. Wanawake wanapita na ndoo zao, na kila mmoja anasimama. «Aksanti Mama Mariamu, ulizala fundi.» Naye anawainulia vidole viwili, amevaa kile kitenge chako, anacheka mpaka anashika nyonga. «Bafundi beko babili! Ule mwengine iko Lubumbashi, njo alituletea pompe.»

Nipo nyuma yake, nasikia, na sijamsahihisha. Nimefanya hivyo kwa ajili yake. Wewe usinishukuru.

Bilkisi